Mgeni wa Siku Moja na Deni Lake

Ndugu wasomaji, swali letu la juma hili laonekana dogo, lakini lina mizizi mirefu. Mtu asafiri kwenda nchi ya mbali kwa ndege, na katikati ya safari ashushwe katika mji wa watu kungoja ndege nyingine. Muda alio nao ni saa 10 au 15, au pengine mchana mmoja pamoja na usiku wake. Hakutoka kwao kwa ajili ya mji huo, wala mji huo haukumwita. Je, afanye nini na saa hizo? Ana ruhusa ya kutembea, kutazama mambo mazuri na kula chakula kizuri, au yampasa kukaa kitini pake akilinda mzigo wake mpaka aitwe? Na kama ana ruhusa, je, ruhusa hiyo ina deni?

Pengine wako watakaosema kwamba hili ni swali la matajiri. Sivyo. Wasafiri wa siku hizi si mawaziri na wafanyabiashara wakubwa peke yao. Yuko kijana aliyepata nafasi ya masomo Ulaya. Yuko mama ampelekaye mtoto India kutibiwa moyo. Yuko msichana aendaye Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Yuko mzee aliyealikwa na mwanawe aishiye Marekani. Wengi wao, watokapo Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe, Kigali au Bujumbura, hupitia Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, ile nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Shirika la ndege la nchi hiyo lilianzishwa mwaka 1945, nalo limeufanya mji huo kuwa njia panda ya Afrika. Basi na tuutwae kuwa mfano wetu, kwa sababu mafundisho ya tabia njema yasiyotajiwa mahali huwa kama mbegu iliyotupwa juu ya mwamba.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Addis Ababa maana yake ni Ua Jipya. Waoromo, wenyeji wa kale wa nchi ile, huuita Finfinne. Ulianza mwaka 1886 hivi, wakati Taitu, mkewe Menelik wa Pili, alipopendezwa na chemchemi za maji ya moto zilizoko chini ya mlima Entoto, naye akaona afadhali kukaa huko kuliko juu mlimani penye baridi kali. Hata hivyo mji uko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari; mtu wa pwani apandapo ngazi pale huhema, na usiku huomba blanketi la pili. Kuni zilipokuwa haba katika siku zile za mwanzo, ililetwa mikaratusi kutoka Australia ikapandwa, na hata leo miti hiyo imesimama juu ya Entoto. Uwanja wa ndege, uitwao Bole, hauko mbali na katikati ya mji. Msafiri aliyeuliza kwanza sheria za kuingia nchini, na akajua saa ya kurudi, aweza kutoka asubuhi na kurejea jioni bila hofu.

Sasa, juu ya swali letu, watu hutoa majibu mawili. La kwanza ni la mtu mkali. Yeye husema: fedha ni ya kazi, safari ni ya kazi, na starehe ya njiani ni wizi. Utakulaje nyama ya kuku yenye viungo, na wanao nyumbani wanakunywa uji? Kaa, ngoja, nenda zako. La pili ni la mtu mlafi. Yeye husema: siku ni moja, huenda nisirudi tena, basi nione kila kitu, nionje kila kitu, nipige picha kila kitu. Mmoja huona mji kama mtego, na mwingine huuona kama duka lililoachwa wazi. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mji ule ni nyumba ya watu.

Tuanze na yule mkali, kwa kuwa maneno yake yana sauti ya utakatifu, na ndiyo maana huwachoma sana watu wema. Je, kustarehe ni dhambi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba burudani yenye kiasi ni pumziko lake. Tena aliongeza jambo ambalo wengi hawalitazamii kutoka kwa mwalimu wa kanisa: ya kuwa mtu asiyependa kabisa furaha, na anayewakunjia uso wenziwe wanapofurahi, naye ana kasoro ya tabia. Basi msafiri aliyekesha usiku kucha ndani ya ndege, akashuka asubuhi katika hewa baridi ya Addis Ababa, hatendi kosa lolote akinyosha miguu na kutazama jua likipanda juu ya Entoto.

Lakini juu ya fedha, mtu mkali ana neno la kweli, wala tusilipite haraka. Katika nchi zetu wengi husafiri kwa mchango. Yule mama aendaye India amechangiwa na ndugu, majirani na jumuiya yake. Kila shilingi aliyonayo ina jina la mtu aliyeitoa. Fedha ya namna hiyo ni dhamana. Kilichotolewa kwa ajili ya moyo wa mtoto hakiwezi kugeuzwa kuwa sahani ya nyama, hata kama sahani ni ndogo na hakuna atakayejua. Na tena ziko saa ambazo wema ni kukaa. Mtoto akiwa mgonjwa, au mzee akiwa hoi, mwenye kubaki naye katika chumba cha kungojea amefanya safari kubwa kuliko aliyezunguka mji wote. Mtu wa namna hiyo asione haya kwamba hakuona kitu.

Ila hapo pia pana jambo la kufikiri. Nani alituambia kwamba kula vizuri ni kula kwa gharama? Papa Gregori Mkuu, na Tomaso baada yake, walihesabu njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya thamani mno, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya kutafutiza. Tazama, katika njia hizo tano, kufurahia utamu wa chakula hakumo. Aliyelipa fedha nyingi katika hoteli kubwa, akachokoa vyakula vya nchi kumi na kuacha nusu, aweza kuwa mlafi wa njia nne kwa mara moja. Na aliyekaa katika mkahawa mdogo akala shiro, ule uji mzito wa unga wa dengu na viungo unaoliwa na maskini wa Ethiopia karibu kila siku, aweza kuwa amekula vizuri kuliko yeye. Hata mama wa mchango angeweza kula chakula hicho bila kumdhulumu mtu, kwa sababu kula lazima ale. Basi jibu letu kwa mtu mkali ni hili: fedha ya dhamana iheshimiwe, na chakula cha bei ndogo kiliwe kwa shukrani, lakini usiifanye huzuni kuwa amri pale ambapo Mungu hakuiweka.

Tena mtu mkali anasahau dhambi nyingine, nayo ni dharau. Wako wapitao Addis Ababa mara ishirini katika maisha yao, na habari waliyo nayo juu ya mji huo ni kwamba kiwanja kina foleni ndefu. Macho yao yako London, au Guangzhou, au Dubai. Nchi ya jirani wameifanya kuwa ujia wa kupita tu, kama mtu apitaye ukumbini mwa nyumba ya wenziwe bila hodi wala salamu, akitafuta mlango wa nyuma. Mtu wa namna hiyo akifika Ulaya atalipa fedha nyingi aonyeshwe jumba la mfalme aliyekufa zamani. Nyumba ya jirani yake aliipita usingizini.

Na kumbe mle ndani mna habari zake yeye mwenyewe! Akimwuliza dereva saa ngapi, huenda akajibiwa kwa hesabu ile ile ya kwao. Maana Waethiopia, kama sisi tusemao Kiswahili, huanza kuhesabu saa tangu mapambazuko: saa moja ya asubuhi kwetu ni saa moja kwao pia. Mzungu akiambiwa hivyo hupotelewa na ndege, Mswahili hutabasamu. Kahawa wenyewe huiita buna, nasi punje zake twaziita buni. Ila mwaka wao una miezi 13, na hesabu ya miaka yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, hata mgeni akajifunza kwamba kalenda yake si amri iliyoshuka kutoka mbinguni.

Akienda katika Makumbusho ya Taifa, ataonyeshwa habari ya mifupa iliyofukuliwa tarehe 24 Novemba 1974 huko Hadar, katika nchi ya Waafar. Ni mifupa ya kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.2 iliyopita. Wageni walimpa jina Lucy. Waethiopia humwita Dinkinesh, yaani, wewe ni wa ajabu. Mtanzania aliyesimama mbele yake hana sababu ya kujiona mtazamaji wa mambo ya wengine. Kwa maana huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978 zilionekana nyayo zilizobaki katika majivu ya volkano kwa zaidi ya miaka milioni 3.6, na wataalamu wengi huzihesabu kuwa za viumbe wa jamii ile ile ya Dinkinesh. Waethiopia wanayo mifupa, nasi tunazo nyayo.

Au aende kutazama Ukumbi wa Afrika, uliofunguliwa mwaka 1961, wenye madirisha makubwa ya vioo vya rangi yaliyobuniwa na msanii Afewerk Tekle. Tarehe 25 Mei 1963 wakuu wa nchi huru za Afrika walitia sahihi mjini humo mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwalimu Julius Nyerere alikuwako kwa niaba ya Tanganyika, na Milton Obote kwa niaba ya Uganda; Kenya ilikuwa bado miezi michache kuupata uhuru wake. Kamati ya Ukombozi iliyoundwa wakati ule iliwekewa makao yake Dar es Salaam. Basi mtu atokaye kwetu akipita mji huo kama ujia, ameipita historia ya baba yake bila kuiamkia.

Sasa tumgeukie yule wa pili, mlafi wa macho. Huyu si mvivu. Ameandika katika karatasi mambo 12 ya kuona katika saa 8, naye huyakimbilia yote, akihesabu kama mchungaji ahesabuvyo mbuzi jioni. Je, kosa lake ni nini, iwapo kuona ni kwema?

Walimu wa kale walitenganisha bidii ya kujua na tamaa ya macho. Mwenye bidii hutaka kitu kimfundishe. Mwenye tamaa hutaka kuwa amekiona. Mtakatifu Augustino katika Maungamo yake aliihesabu tamaa ya macho kuwa kishawishi kikubwa, akaonya kwamba huweza kumvuta mtu kwenye maiti iliyoraruliwa kama inavyomvuta kwenye kitu kizuri. Neno hilo si geni katika Addis Ababa. Karibu na uwanja wa Meskel yako makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2010 kwa kumbukumbu ya watu waliouawa na utawala wa Derg, hasa katika ile Hofu Nyekundu ya mwaka 1977 na 1978. Ndani yake mna picha za vijana, nguo zao na mifupa yao. Mtu aingiaye pale kati ya saa ya chakula na saa ya kununua zawadi, akatazama mafuvu dakika tano na kujipiga picha mbele yake, je, ameona nini? Mama wa mmoja wa vijana wale angesimama mlangoni, angemtazama mgeni huyo kwa macho gani?

Na kanisani ni vivyo hivyo. Kanisa kuu la Mtakatifu George, lenye pembe nane, lilijengwa kwa kumbukumbu ya ushindi wa Adwa wa mwaka 1896, Waethiopia walipolishinda jeshi la Italia. Waumini huvua viatu mlangoni, na wanawake hujifunika shuka nyeupe. Wako watu wanaosali huku wameegemeza paji la uso ukutani. Mgeni mwenye adabu huvua viatu, husimama kando, hufunga kinywa na kamera. Mlafi wa macho huwazunguka wanaosali kama kwamba ni sanamu zilizowekwa pale kwa ajili yake. Kumbuka, msomaji, kwamba sura ya mtu asaliye si mali ya mpita njia.

Kwa hiyo twasema: mgeni wa siku moja achague mambo mawili, au matatu, basi. Ayatazame kwa utulivu, aulize, asikilize. Mambo tisa yaliyobaki hayataharibika kwa sababu yeye hakuyaona.

Na ikiwa ndivyo ilivyo kwa macho, je, kwa tumbo? Hapa mji wa Addis Ababa watupa fundisho lisilopatikana katika miji mingi. Chakula cha Waethiopia ni injera, mkate mpana na laini kama sifongo, uliokandwa kwa unga wa nafaka ndogo iitwayo tefi na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Hutandazwa katika sinia moja, na juu yake humiminwa michuzi: kuku na yai katika mchuzi mwekundu wa pilipili na vitunguu, dengu, njegere, kabichi, mboga za majani. Kila mtu humega kwa mkono wa kulia kutoka upande wake. Watu wa pwani wajuao sinia ya wali hawahitaji kufundishwa. Tena iko desturi iitwayo gursha: mmoja humega tonge zuri, akalitia kinywani mwa mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo na heshima. Yule mlafi aliyezoea kupakua peke yake na kurudia mara tatu atafanya nini pale? Katika sinia ya pamoja pupa huonekana upesi, na tonge zuri kuliko yote ni la mwenzio.

Lakini mgeni aangalie siku. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa zile siku 50 baada ya Pasaka, na Kwaresima yao ina siku 55. Siku za mfungo hawali nyama, wala maziwa, wala siagi, wala mayai, na wengi hawaonji kitu mpaka mchana upite. Mikahawa huandaa sinia ya mfungo, yenye dengu, mboga na viazi, nzuri ya macho na ya ulimi. Sasa mgeni akifika Ijumaa, na moyo wake unatamani kitfo, ile nyama mbichi iliyokatwakatwa na kuchanganywa na siagi na pilipili, je, aidai? Fedha anayo, na hoteli ya wageni itampatia. Wala si kila mkazi wa mji ule afungaye. Waislamu wako wengi, na wengine wako wenye desturi nyingine. Hatusemi kwamba akiila atakuwa mwovu. Lakini Mtume Paulo, aliyejua vema kwamba chakula chenyewe si najisi, alikuwa tayari kuiacha nyama kuliko kumkwaza ndugu. Twafikiri kwamba mgeni aliyealikwa mezani pa wafungao, akala kama wao siku hiyo moja, ameula mji wenyewe. Na yule aliyekula nyama peke yake chumbani ameshiba tu. Wahenga wetu walikwisha kusema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Baada ya chakula huja kahawa, nayo haiji upesi. Mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni, huchoma ubani, hukaanga buni mbele ya wageni, huzitwanga, huchemsha katika mtungi mdogo mweusi wa udongo, kisha humimina katika vikombe visivyo na mkono. Na humimina mara tatu. Ya kwanza huitwa abol, ya pili tona, na ya tatu huitwa kwa neno ambalo sisi hatuhitaji mkalimani: baraka. Mwenye haraka hunywa ya kwanza akaondoka. Sisi twajua tangu utoto kwamba haraka haraka haina baraka; pale methali hiyo imo kikombeni.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tungeishia hapa tungekuwa tumefundisha adabu tu. Tulisema kwamba ruhusa ya msafiri huenda ina deni. Deni hilo ni nini, na hulipwa wapi?

Sehemu hulipwa pale pale. Dereva alipwe bei mliyopatana, na mhudumu asiitwe kwa kupigiwa vidole. Fundi wa vikapu naye asinyanyaswe kwa birr chache ambazo mnunuzi hatazikumbuka kesho. Sehemu nyingine hulipwa kwa ulimi, mtu arudipo nyumbani. Aliyekaa saa 12 asiseme, Waethiopia wako hivi, Waethiopia wako vile. Aseme, nilionyeshwa hili, nikalishwa hili, mengine siyajui. Nchi ile imepita katika vita vya uchungu hata katika miaka ya karibuni, na mgeni aliyeona barabara pana na taa zake hawezi kuwa shahidi wa mioyo ya watu.

Lakini sehemu iliyo kubwa ya deni hulipwa kwetu. Maana wakati sisi twapitia mji wao, vijana wao wapitia nchi zetu. Sisi twapita juu, na tikiti mkononi. Wao hupita chini, kwa miguu na kwa malori, kutoka kusini mwa Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania na Malawi, wakitafuta kazi Afrika ya Kusini. Mwezi Juni mwaka 2012, katika mkoa wa Dodoma, ilikutwa miili ya watu zaidi ya 40 iliyotupwa porini. Walikuwa wahamiaji kutoka Ethiopia; walikosa hewa ndani ya lori walimofichwa. Wengine wengi wamekamatwa kwa miaka mingi, wakafungwa katika magereza yetu, hawajui lugha, na mama zao hawajui walipo.

Hatusemi kwamba mipaka isiwe na sheria. Serikali ina haki ya kujua nani aingiaye, na wale wafanyao biashara ya kusafirisha watu kama magunia wanastahili adhabu kali. Lakini sheria haimkatazi mwanakijiji kumpa maji mtu aliyeanguka njiani. Haimwamuru mtu yeyote kumcheka kijana aliyefungwa pingu, wala kumwita mzigo. Na hapo ndipo ilipo hatari yetu. Mtu aweza kuulizwa: ulipita Addis Ababa, ukaoneshwa heshima, ukawekewa tonge kinywani kwa mkono wa mama usiyemjua, na mtoto wa mama yule alipopita kijijini kwako, alikutana na nani?

Swali hilo ndilo linaloonyesha kama mgeni wa siku moja aliona kitu au hakuona. Kama alizoa mapicha tu, basi kijana yule wa porini atakuwa mgeni kwake kabisa. Kama alikaa kwenye sinia, hatoweza tena kumtazama bila kuikumbuka nyumba aliyotoka, na mikono iliyomlea, na kikombe cha tatu ambacho labda mama yake bado humimina siku za sikukuu akimngoja.

Wazazi, mnapowaaga watoto wenu waendao mbali, mwawapa mausia mengi: linda pasi yako, usiongee na walevi, piga simu ufikapo. Ongezeni na hili. Waambieni kwamba wakipewa siku moja katika mji wa watu, wasiilale yote wala wasiirarue. Waone mambo machache kwa heshima, wale chakula cha wenyeji pamoja na wenyeji, walipe haki ya kila mtu, wangoje kikombe cha tatu, na wakirudi wasimulie kwa unyenyekevu. Nanyi mliobaki nyumbani, ambao hamtapanda ndege kamwe, kumbukeni kwamba safari za wengine hupita mbele ya milango yenu. Wekeni maji karibu na mlango.